Mwanamume Asiyekijua Kitabu Chake

Lambert Rijswaard alikuwa anakula. Mbele yake palikuwa na mkate mweusi, kipande kinene cha jibini na jagi la bia, vyote vimeletwa kutoka nyumbani kwake. Alikula kwa utulivu wa mgeni wa heshima, si wa mtu aliyefungiwa juu ya lango la mji akingoja kuchapwa viboko mbele ya watu.

Wessel Haverkamp alivuta kigoda akaketi. Alikuwa mpelelezi wa mkuu wa sheria wa mji wa Oosterveen, na kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kwamba mshtakiwa anayekula vizuri ama hana kosa, ama hajaelewa yaliyompata.

"Kitabu ni chako?" aliuliza.

"Jina langu si liko pale mbele? Au nyinyi watu wa sheria hamsomi?"

"Nimekisoma. Nikakirudia."

"Basi una bahati," alisema Lambert, akajimiminia bia.

Kitabu chenyewe kilikuwa chembamba, lakini kilikuwa kimeutikisa mji mzima. Kilisimulia habari za jengo lililo kando ya mfereji wa kaskazini, ambalo wakubwa waliliita Nyumba ya Marekebisho ya Wanawake na watu wengine wote wakaliita Nyumba ya Nyuzi, kwa sababu waliofungwa humo walisokota sufu tangu alfajiri mpaka giza. Kilisema kwamba msichana aitwaye Aagje, aliyefungwa kwa wizi wa jibini, hakufa kwa homa kama ilivyotangazwa. Alifungiwa katika chumba cha chini, maji ya mfereji yakaingia, akaachwa humo mpaka akafa. Wasimamizi wa nyumba hiyo walikuwa wamekwenda mahakamani wakidai kwamba yote ni uzushi.

Wessel alimwacha Lambert ameze kwanza.

"Kuna sehemu ilimliza mke wangu," alisema. "Pale mama mlezi anapomletea Aagje chungwa siku ya Pasaka, naye anaficha maganda chini ya mto ili aendelee kuyanusa."

Lambert alifumba macho kidogo, akatikisa kichwa kama mtu aliyeguswa.

"Hata mimi nililia nikiiandika hiyo," alisema. "Mkono ulikuwa unatetemeka."

"Habari za maganda ulizipata kwa nani?"

"Mshairi hapewi habari, bwana. Mshairi anaona."

Wessel alimshukuru, akamtakia mlo mwema, akashuka ngazi. Kitabuni hamkuwa na chungwa. Hamkuwa na Pasaka wala mito, kwa maana waliolala mle walilalia majani makavu.

Mkuu wa sheria, Reinier Vosmaar, hakufurahishwa na habari hizo. Alikuwa mtu mpana, mwenye kupenda mambo yaliyonyooka, na jambo hili lilikuwa limenyooka mpaka Wessel alipolitia mkono. Mshtakiwa amekiri, alisema. Jina lake limepigwa chapa. Wessel alitaka kitu gani zaidi, malaika ashuke kutoa ushahidi?

"Amekiri kitu asichokijua," alisema Wessel. "Hajakifungua hata ukurasa wa kwanza."

"Basi anamficha mtu. Hilo ni lake na huyo mtu wake."

Wessel alimweleza polepole. Hakuna mwanamume, isipokuwa daktari, anayeruhusiwa kupita wavu wa chuma ulio mlangoni mwa ukumbi wa kusokotea. Kwa hiyo kama mwandishi ni Lambert, kitabu ni cha kubuni, Lambert achapwe, na Aagje abaki amekufa kwa homa. Lakini kama mwandishi ni mtu aliyekuwa mle ndani, basi kile si kitabu tu. Ni ushahidi. Na ikiwa ni ushahidi, kuna mtu ameua.

"Aagje alikuwa mwizi," alisema Vosmaar.

"Ndiyo. Na adhabu aliyopewa na mahakama yako ilikuwa kusokota nyuzi, si kufa."

Vosmaar alikuna shavu. Aliweza kuvumilia mambo mengi, ila si mtu mwingine kuzidisha adhabu aliyoitoa yeye. Alimwambia Wessel kwamba mahakimu wangekaa Alhamisi, na kwamba baada ya Alhamisi hataki kulisikia tena jina la msichana yule.

Wessel alianzia kwenye jengo lenyewe. Mama mlezi, Swaantje Pauw, alimpokea kwa upole mwingi. Alikuwa mwanamke nadhifu, mwenye kola nyeupe iliyopigwa pasi na funguo kiunoni, na alimsimamisha mbele ya wavu wa chuma, mahali ambapo watu wa mjini walizoea kusimama siku za Jumapili kuwatazama wafungwa. Ndani wanawake walikuwa wameinamia magurudumu yao. Hakuna aliyeinua kichwa. Wessel aliomba kukiona chumba cha chini. Swaantje alimjibu kwamba hakuna chumba cha namna hiyo, kuna stoo ya kuni tu, tena imezibwa kwa sababu ya unyevu. Alipoulizwa imezibwa lini, alisema hakumbuki. Yeye ana wanawake wa kulea, hahesabu matofali.

Wessel hakubishana. Alitoka, akamwomba mchuuzi mmoja wa mboga ampitishe kwa mtumbwi nyuma ya jengo. Ukuta ulikuwa mweusi kwa kuvu na uzee. Chini kabisa, karibu uguse maji, palikuwa na mraba mdogo wa matofali mekundu ambayo hayajaanza hata kuota ukijani. Kitabu kilikuwa kimetaja dirisha mahali hapo hapo.

Hilo lilimtosha kuamini, lakini halikumtosha mahakamani. Wangesema mtu yeyote mwenye mtumbwi angeweza kuliona. Alihitaji aliyekuwa ndani. Na mwanamume mmoja tu ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kuupita ule wavu.

Daktari Evert Boonstra alikuwa na sababu zote za kuandika kitabu kile. Alikuwa amegombana na wasimamizi, na watu walikuwa wamemsikia akiwasema vibaya akiwa amelewa. Tena alifahamiana na Lambert. Wessel alikwenda kwake akiwa na hakika kwamba kazi inakaribia kwisha.

"Ulimwona Aagje baada ya kufa," alimwambia.

"Nilimwona. Ameshaoshwa, amelazwa chumba cha wagonjwa. Mama Swaantje akasema homa, nami nikasema homa."

"Ilikuwa homa?"

Daktari alikwenda dirishani, akabaki amempa mgongo.

"Ngozi ya miguu yake ilikuwa imekunjamana na kuwa nyeupe kama mtu aliyesimama majini usiku kucha. Kucha zilikuwa zimevunjika. Hapana, haikuwa homa. Nina watoto, Haverkamp, na wale wasimamizi ndio wanaonipa kazi."

"Kwa hiyo ukaandika kitabu, ukaazima jina la Lambert."

Daktari aligeuka. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetamani shutuma hiyo ingekuwa kweli.

"Kama ningekuwa na ujasiri wa kukiandika, ningekuwa na ujasiri wa kusema siku ile ile. Umekisoma vizuri lakini? Kinaeleza jinsi wanavyolala darini, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, na jinsi wanavyosemezana gizani kwa kubonyezana vidole vya miguu, kwa kuwa kuongea ni marufuku. Mimi sijawahi kupanda kule juu. Aliyeandika hayo amelala pale, kaka. Ni mwanamke."

Wessel alikuwa amepoteza siku nzima akimwinda mtu ambaye kosa lake lilikuwa kunyamaza. Ila mwizi wa kuku au wa jibini asingeandika kama kile kilivyoandikwa. Alimuuliza daktari kama mle ndani kuna wanawake wa aina nyingine.

Daktari akamweleza. Wako mabinti wa watu, wale ambao ndugu zao wamewachoka. Anayekataa mume, anayejibu sana, anayetia familia aibu. Jamaa zao huomba kwa siri, wanalipia, na majirani huambiwa binti yuko kwa shangazi. Mle ndani hawaitwi kwa majina. Msimu wa baridi uliopita alimtibu mmoja wao, mwenye kikohozi kikali.

"Alikuwa anatema damu," alisema daktari. "Nikamuuliza kama kuna kitu anataka kutoka nje. Nilidhani atasema asali, au blanketi. Akaniuliza kama kitabu cha pili cha mashairi ya Lambert Rijswaard kimeuzika."

Nyumba ya Rijswaard ilikuwa mtaa wa watia rangi nguo, na mlango ulifunguliwa kabla Wessel hajaushusha mkono aliogongea. Hillegonda, dada mdogo wa Lambert, alikuwa mrefu, mwembamba kuliko alivyopaswa kuwa, na kikohozi kilikuwa hakijamtoka. Wessel aliuliza kwa adabu kuhusu msimu wa baridi uliopita. Majirani walikuwa wamemwambia kwamba alikuwa kwa shangazi yake, Zeeland.

"Sina shangazi Zeeland," alisema Hillegonda. "Ingia, bwana. Nilidhani mngekuja mapema zaidi."

Wessel alikuwa amejiandaa kumtega kama alivyomtega kaka yake. Hakupata nafasi. Hillegonda alimsogezea kiti, akakaa mbele yake, akasema moja kwa moja kwamba kitabu ni chake, na vile viwili vya mashairi pia. Siku moja baada ya kaka yake kukamatwa alikwenda mwenyewe ofisi ya mkuu wa sheria kusema hivyo hivyo.

"Sijaambiwa," alisema Wessel.

"Karani alicheka. Akaniambia nirudi nyumbani nikampikie kaka yangu, chakula cha kifungoni ni kibaya." Aliitazama meza. "Nikarudi nikampikia. Lambert hali kitu chochote kisichopikwa na mimi."

Alimsimulia bila kupaza sauti. Aliandika tangu utotoni. Lambert ndiye aliyeona kwamba mashairi yanaweza kuchapwa, akasema hakuna mpiga chapa atakayepokea jina la msichana, na kwamba jina la familia ni moja. Alikubali, kwa sababu alitaka yasomwe. Kitabu cha kwanza kilipotoka, Lambert akapewa kiti katika chama cha washairi. Cha pili kilipotoka, akaposa kwa mfanyabiashara wa bia. Hapo ndipo Hillegonda alipomwambia kwamba cha tatu kitakuwa na jina lake yeye. Lambert hakugombana naye. Alikwenda kwa wasimamizi akasema dada yake ana kichaa cha maneno, na wiki hiyo hiyo akapelekwa Nyumba ya Nyuzi.

Alipotoka alikuwa mpole, anatii, anafagia. Aliandika kila Lambert alipokwenda kwenye chama chake. Kisha akakipeleka kwa mpiga chapa, kama alivyovipeleka vile viwili vya kwanza, kwa niaba ya kaka yake. Mpiga chapa hakuuliza swali.

"Na ukatia jina lake," alisema Wessel. "Mtu aliyekufunga."

"Lile jina nani amelijenga? Lambert kabla yangu alikuwa muuza nguo asiyejulikana mtaa wa pili. Nililijenga mimi, nikalitumia."

"Ulijua atakamatwa."

"Nilijua ataulizwa. Nikampa nafasi ya kusema kweli mara moja katika maisha yake. Angesema, si changu, ni cha Hille, angekuwa nyumbani jioni ile." Alikohoa, akasubiri kikohozi kipite. "Ameona bora viboko."

Wessel alimweleza kitakachotokea. Kitabu kimechapwa bila idhini ya baraza la mji, na kosa hilo lina adhabu hata kama kila neno lake ni la kweli. Kwa sasa adhabu hiyo ni ya Lambert. Akijitokeza, itakuwa yake. Zaidi ya hapo, mji mzima utajua alikuwa wapi msimu ule wa baridi.

"Utajua kaka yangu alinipeleka wapi," alisema Hillegonda. "Tuseme vizuri."

"Watasema umesikia stori za wafungwa ukazipamba. Nataka kitu ambacho hakimo kitabuni, ambacho macho yao yenyewe yatakiona."

Hillegonda alinyanyuka, akaenda kwenye kasha lililokuwa chini ya ngazi, akarudi na soksi moja ya sufu, nyekundu, kisigino chake kimeshonwa upya kwa uzi wa kijani. Aliiweka juu ya meza katikati yao. Chumba cha chini kilikuwa na mwenzake, alisema, na kati ya viwili hivyo palikuwa na tundu la kupitishia maji, lenye upana wa ngumi. Siku ile Aagje alipofungiwa upande wa mfereji, yeye alikuwa upande wa pili, ambako sakafu ilikuwa juu zaidi, kwa kosa la kujibu. Maji yalipoanza kupanda, Aagje alilia kwamba yanaingia kupitia ufa chini ya dirisha. Hillegonda alivua soksi akampitishia, akamwambia azibe ufa.

"Nikasikia akiisukuma kwa vidole. Akasema yamepungua. Baadaye yakaanza tena kupanda, naye hakusema tena." Aliigusa ile iliyobaki. "Asubuhi nilisikia waashi. Sidhani kama kuna aliyejisumbua kuokota soksi."

Alhamisi ukumbi wa mahakama ulijaa. Wanachama wa chama cha washairi walikaa pamoja mbele, wamevaa mikufu yao. Lambert aliletwa, kanyolewa vizuri, akarudia kwamba kitabu ni chake. Wessel aliposimama na kusema kwamba ana shahidi anayedai vingine, na Hillegonda alipopita katikati ya watu na kusimama mbele ya mahakimu, Lambert hakushtuka. Alihuzunika, au alijifanya kuhuzunika.

Alisema inamuuma kuyatoa mambo ya ndani, lakini dada yake si mzima. Alilazimika kumpeleka mahali pa kutulizwa. Mahali gani, aliuliza Wessel. Lambert alitazama huku na huku, kisha akasema kwa sauti ndogo: kule kule, Nyumba ya Marekebisho. Ukumbi ulivuma. Kwa jibu hilo moja alikuwa amemtia dada yake kichaa, na pia amemtia ndani ya jengo.

Wessel aliweka soksi mezani, akaeleza. Swaantje Pauw, aliyekuwa ameketi na wasimamizi, alisema ni upuuzi kubomoa ukuta mzima kwa ajili ya nguo ya mguuni. Vosmaar alimuuliza kama ana neno jingine la kupinga zaidi ya hilo. Mahakimu walinyanyuka, wakatoka, na nusu ya ukumbi ikawafuata mpaka kando ya mfereji.

Waashi wawili walibomoa kutoka kwenye mtumbwi. Yale matofali mapya yalitoka kwa urahisi, chokaa yake haikuwahi kukauka sawasawa. Ndani palitoka harufu ya maji yaliyolala. Palikuwa na pete ya chuma ukutani, na chini ya mahali lilipokuwa dirisha, juu ya mstari wa maji, kitu kilikuwa kimeshindiliwa kwenye ufa kwa nguvu kiasi kwamba mwashi alilazimika kukichokoa kwa patasi. Alikikamua, akakiinua. Kilikuwa kimeoza nusu na kimegeuka rangi ya udongo, ila ukikigeuza ndani kilikuwa chekundu, na kisigino kilikuwa na uzi wa kijani.

Watu wote waligeuka kumtazama Swaantje. Alikuwa ameshika funguo zake kwa mikono miwili zisilie.

"Alikuwa mtundu," alisema mwishowe. "Nilitaka alale humo usiku mmoja tu, apate adabu. Maji hayakuwa yamewahi kufika juu vile."

"Alilia?" aliuliza Wessel.

"Wote wanalia."

Vosmaar aliamuru ashikwe hapo hapo, na funguo zake zikapewa mmoja wa walinzi. Msimamizi mmoja alijaribu kuondoka taratibu kuelekea darajani. Wessel alimrudisha kwa mkono, akamwambia mahakama bado haijafungwa.

Waliporudi ukumbini, hali ilikuwa imegeuka kabisa. Kitabu kilichokuwa uzushi sasa kilikuwa kimefichua mauaji, na watu walikuwa wanamnyooshea Lambert vidole vya heshima. Lambert aliona upepo ulikoelekea kabla ya mtu mwingine yeyote. Alisimama akasema kwamba ndiyo, dada yake alimpa habari, na anamshukuru, lakini kuzipa habari hizo uhai, kuzitungia sentensi, hiyo ilikuwa kazi yake. Wale wa mikufu walipiga makofi.

Vosmaar alipumua kama mtu anayeona nchi kavu. Alimwita Hillegonda karibu na meza, akasema naye kwa upole kiasi. Shahidi ni yeye, hilo limethibitika, na mji unamshukuru. Kitabu kibaki na jina lililo juu yake. Kwa kuwa kimeleta manufaa, baraza litamsamehe mwandishi lile kosa la kuchapa bila idhini. Bwana Rijswaard ni mtu mwenye marafiki. Hillegonda arudi nyumbani apumzike, hakuna atakayemgusa.

"Na kama mwandishi ni mimi?" aliuliza Hillegonda.

Vosmaar alikunja uso. Basi sheria ingefuatwa kama ilivyo. Baraza lisingeweza kumsamehe mwanamke aliyekidanganya kiwanda cha chapa kwa jina la mtu mwingine. Nakala zilizobaki zingechomwa, na mwandishi angefukuzwa mjini mwaka mzima.

"Kwa hiyo kikiwa cha Lambert ni kizuri, kikiwa changu kinachomwa."

"Usinitie maneno mdomoni, bibi. Nakutafutia njia nyepesi."

"Naiona. Siitaki."

Lambert alimshika mkono. Alimsihi, na safari hii sauti yake ilikuwa ya kweli. Harusi yake, alisema. Kiti chake. Hille, fikiria, utakwenda wapi na hicho kifua chako. Hillegonda aliutoa mkono wake taratibu, kama mtu anayejinasua kwenye mwiba.

"Nimelala kwenye majani kwa ajili yako," alimwambia. "Nimekupikia, nimekuandikia. Mtu aliyekufa aliniachia sauti yake, na hiyo sikupi."

Kisha aliwageukia mahakimu, akasema kwamba kama kuna adhabu ya mwandishi, iandikwe kwa mwandishi.

Vosmaar alimtazama Wessel, akitafuta msaada. Wessel alisimama. Hakumtazama Lambert alipokuwa akisema. Aliwatazama wale wa mikufu. Alieleza habari ya chungwa, Pasaka, na maganda chini ya mto. Akasema kitabu kiko mezani, yeyote mwenye macho akifungue, amwonyeshe chungwa. Akamwomba Lambert aseme wafungwa walisemezana vipi gizani. Au walilalia nini. Au chochote kilichomo katika kurasa alizozitolea machozi.

Lambert alifungua mdomo. Mmoja wa wanachama wa chama cha washairi, mzee mwenye ndevu nyeupe, aliinama mbele kumsikiliza vizuri, akangoja, akaendelea kungoja. Mwishowe akaegemea kiti chake na kuuvua mkufu wake mwenyewe, kama mtu aliyeona joto.

Hukumu ilitolewa kabla ya chakula cha mchana. Swaantje Pauw na msimamizi aliyeamuru dirisha lizibwe watashtakiwa kwa kifo cha Aagje. Hillegonda Rijswaard atatoa ushahidi wake kwa kiapo, kisha ataondoka mjini kwa mwaka mmoja, na nakala za kitabu zitachomwa. Vosmaar alimuuliza, kama desturi ilivyotaka, iwapo ana ombi lolote. Alisema analo moja. Hukumu za kufukuzwa husomwa kwa sauti kwenye ngazi za jumba la mji, sivyo? Ndivyo, alisema Vosmaar. Basi aliomba isomwe yote, isifupishwe.

Vosmaar hakuona ubaya wake. Wessel aliuona, akainamisha kichwa ili asionekane anatabasamu.

Siku ya soko uwanja ulikuwa umefurika wauza samaki, wauza siagi, wake wa watia rangi na mikono yao ya buluu. Mpiga mbiu alipanda ngazi, akagonga kengele yake, akafungua karatasi. Wessel alisimama chini yake pamoja na Hillegonda, aliyevaa nguo za safari. Watu walinyamaza, kwa sababu habari za Aagje zilikuwa zimefika kila jiko.

Mpiga mbiu alisoma habari za mauaji, watu wakaguna. Akasoma habari za kitabu. Alikuwa mtu wa mazoea, na kwa miezi mingi jina moja tu ndilo lililotajwa mjini kila vitabu vilipozungumzwa.

"Kitabu kilichoandikwa na Lambert Rijswaard—"

"Rudia," alisema Hillegonda.

Hakupiga kelele, ila sauti yake ilipanda ngazi zote. Mpiga mbiu alimtazama, akaitazama karatasi, akamtazama Wessel. Wessel hakufanya ishara yoyote. Wanawake waliokuwa karibu walianza kugeuza vichwa.

Mpiga mbiu akaanza tena sentensi ile tangu mwanzo. Alisoma kwamba kitabu kimeandikwa na Hillegonda Rijswaard, mwanamke wa mji huu, kwa akili yake na kwa mkono wake mwenyewe. Kule nyuma, karibu na mapipa ya samaki wa chumvi, mwanamke mmoja aliuliza kwa sauti kubwa ni Hillegonda yupi huyo. Hillegonda alipanda ngazi ya kwanza, kisha ya pili, mpaka kila mtu akaweza kumwona.

"Mimi," alisema.